Nyoka Njuga: Jirani Tuliyemkuta Arizona



Kila mwaka joto linaporejea katika bonde la Phoenix na viunga vya Tucson, maswali ya namna moja hunifikia baada ya Sala ya Ijumaa. Mama ataeleza kuwa mwanawe amesikia kitu kinachotatarika nyuma ya pipa la taka. Mzee ataniuliza kama ni kweli kwamba nyoka wa nchi hii hamgongi mtu mpaka ampigie kengele kwanza. Swali hilo la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu, maana jawabu lake ni la, na mwenye kuamini kinyume chake anaiweka miguu yake hatarini kila atokapo nyumbani usiku.

Kiswahili hakina jina la kale la nyoka huyu, kwa sababu kwetu hayuko. Jamaa yake yote inaishi katika mabara ya Amerika tu, kuanzia kusini mwa Kanada hadi Ajentina. Afrika hayuko, Arabuni hayuko, wala Bara Hindi. Wengine humwita nyoka kengele. Mimi nitamwita nyoka njuga, kwani njuga huvaliwa mwilini na hulia kwa mwendo wa mwenye kuzivaa. Hata hivyo sauti yenyewe inakaribia zaidi kayamba linalotikiswa kwa kasi bila ya kupumzika, au mafuta ya kikaangoni mara tu samaki anapotumbukizwa. Na hapa pana ajabu. Kayamba lina mbegu ndani yake, ilhali mkia wa nyoka huyu hauna kitu ndani. Umefanywa kwa vipingili vitupu vya dutu ile ile iliyofanya kucha zetu, vilivyopachikana kimoja ndani ya kingine kwa ulegevu, na sauti hutoka pale vinapogongana. Misuli ya mkia huvitikisa mara 50 hadi 90 kwa kila sekunde, na huweza kuendelea hivyo kwa muda mrefu bila ya kuchoka. Ni misuli michache mno katika wanyama wote iwezayo kazi ya namna hiyo.

Huenda mmekwisha kusikia kwamba umri wake hujulikana kwa kuhesabu vipingili. Si kweli. Azaliwapo huwa na kifundo kimoja tu, nacho hakitoi sauti. Kila ajivuapo gamba huongezeka kipingili kimoja, lakini kujivua gamba hakufuati mwaka. Kijana aliyeshiba hujivua mara kadhaa kwa mwaka mmoja, na mzee vipingili vyake hukatika kwa kukwama mawemawe. Mwenye kuvihesabu ili ajue umri ni sawa na mwenye kukisia umri wa jirani yake kwa kuhesabu kanzu zilizoanikwa kambani.

Mwaka 2021 wataalamu wa Ulaya walitangaza jambo lililonifurahisha mimi niliyefundisha elimu ya viumbe miaka mingi. Walipomsogezea nyoka njuga kitu, alianza kutikisa mkia polepole, akazidisha kadiri kitu kilivyokaribia, kisha kwa ghafla akarukia kasi ya juu kabisa. Watu waliosikilizishwa sauti hiyo walidhani kuwa wamekwisha kumfikia, kumbe bado wako mbali naye. Nyoka, basi, hupunja umbali, na hupunja kwa faida ya pande zote mbili: mtu husimama mapema, na nyoka hakanyagwi. Wamarekani wenyewe waliutambua uungwana huo zamani. Ile bendera ya manjano mnayoiona katika baadhi ya magari, yenye nyoka aliyejikunja na maneno ya kuonya kwamba asikanyagwe, asili yake ni mwaka 1775, walipokuwa wakipigana na Waingereza.

Lakini kengele hiyo si ngao yake ya kwanza. Ngao yake ya kwanza ni kutulia. Rangi ya mwili wake ni rangi ya vumbi, changarawe na majani makavu, na madhali anajiona hajatambuliwa hana sababu ya kujitangaza. Mtu hupita hatua moja mbali naye, naye kimya, na mpitaji hafiki kujua. Hulia anapoona kuwa amegunduliwa au amebanwa. Aliyekanyagwa ghafla gizani hapati nafasi ya kulia. Kitoto hakina cha kulilia, na aliyekatika mkia ni bubu. Kwa hiyo, ukisikia kengele, mshukuru Mwenyezi Mungu na usimame. Usipoisikia, usidhani kwamba njia ni salama.

Sasa tumtazame alivyo, kwa mbali. Arizona ina aina 13 za nyoka njuga, wengi kuliko jimbo lolote jingine la Marekani. Anayeonekana zaidi karibu na nyumba za watu ni yule mwenye mabaka ya umbo la almasi mgongoni, na mkia wake, kabla ya kufika njuga, una pete nyeusi na nyeupe zilizo wazi kabisa. Mkubwa wao wa kawaida hufika kama mita moja au mita na robo, ingawa wachache hupita hapo. Wa pili wa kumjua ni wa Mojave, anayefanana naye sana, aghlabu mwenye wekundu hafifu wa udongo au ukijani, na pete nyeupe za mkiani mwake ni pana kuliko nyeusi. Huyu sumu yake huweza kuishika mishipa ya fahamu na kumdhoofisha mtu pumzi, si kuvimbisha tu. Kwenye mchanga laini wa jangwa yuko mdogo mwenye vipembe juu ya macho, ambaye huenda upandeupande na kuacha alama za mistari iliyopinda. Waliobaki wengi wao ni wa milimani na hamtakutana nao mitaani.

Kichwa chao wote ni kipana na shingo ni nyembamba, umbo ambalo waliokulia bara la Tanzania, Kenya, Burundi au Kongo watalitambua kwa kifutu, ambaye pwani wengine humwita bafe au moma. Hakika hao ni jamaa wa mbali. Tofauti ni kwamba nyoka njuga ana vishimo viwili, kimoja kila upande, kati ya jicho na tundu la pua, ambavyo kifutu hana. Kwa vishimo hivyo huhisi joto la kiumbe hata katika giza totoro: panya anayepita huwa kama kaa la moto mbele yake. Ila msiende kuvitafuta vishimo hivyo ili mhakikishe! Mwenye kuviona kwa macho yake amekwisha kukaribia kupita kiasi.

Yuko pia mlaghai ambaye ni haki tumtaje, maana huuawa bure kila siku. Ni nyoka mrefu wa rangi ya kahawia, asiye na sumu, ambaye akitishwa hukibabata kichwa kiwe kipana, hufoka kwa sauti kubwa, na huupigapiga mkia wake katika majani makavu mpaka ukaapa kuwa ni nyoka njuga. Mtazame ncha ya mkia: wake umechongoka kama sindano. Huyu hula panya wengi sana, na nyumba aliyo karibu nayo imepata mlinzi asiyedai mshahara.

Hao panya ndio kiini cha habari yote. Nyoka njuga hamtafuti mwanadamu. Hawezi kummeza, na sumu aliyopewa ni nyenzo ya kupatia riziki. Huwa hapendi kuipoteza. Hujikunja kando ya njia ya panya, akangoja saa nyingi, hata siku. Panya akipita humgonga mara moja na kumwachia, kisha humfuata kwa ulimi, akiunusa mkondo wake mpaka alipoangukia. Akishiba hukaa wiki nyingi bila ya haja ya kula tena. Basi, akina mama na akina baba, tazameni magaraji yetu. Tunanunua mchele na unga kwa magunia, tunaweka sakafuni, panya wanatoboa, kisha tunashangaa kumkuta mgeni amejilaza nyuma ya mashine ya kufulia. Tieni nafaka katika mapipa yenye vifuniko, ondoeni malundo ya mbao na matofali ukutani, na zibeni uwazi ulio chini ya mlango wa garaji. Katika bustani zile za pamoja ambamo wengi wetu tunapanda mchicha, bamia na matembele, msitie mkono chini ya majani mapana bila ya kwanza kuyafunua kwa jembe au fimbo ndefu. Kivuli chenye unyevu wakati wa joto ni anasa kwa panya, na panya akiwapo, mwenzake hayuko mbali.

Wakati nao una hukumu yake. Mwili wa nyoka hufuata joto la mahali alipo. Majira ya baridi hujificha katika mapango na nyufa za miamba. Mwezi wa Machi na Aprili hutoka kuota jua, na hapo huonekana mchana. Lakini Juni na Julai, jua linapoweza kumuua hata yeye, hugeuza usiku kuwa mchana wake, na hutembea kuanzia magharibi mpaka alfajiri. Ndugu zangu, hizo ndizo saa za Magharibi, Isha na Alfajiri. Mwezi wa Juni Isha huku huingia baada ya saa tatu usiku, na Alfajiri hutukuta tungali tumechoka, tukiburuta malapa kwa kukata njia uwanjani ili tuwahi jamaa. Vaeni viatu vilivyofunika mguu, chukueni tochi, na piteni barabarani hata kama njia ni ndefu zaidi. Tochi ya simu inatosha iwapo inamulika pale unapokwenda kukanyaga, wala si usoni mwa mwenzako.

Mvua za Julai hadi Septemba zikija, mtaona jambo ambalo wengi hawaliamini hata likisimuliwa na mwalimu. Nyoka njuga wa jangwani hutoka mvuani kwa makusudi, hujikunja na kuubabata mwili uwe kama sinia, kisha hunywa matone yaliyotuama juu ya magamba yake mwenyewe. Katika nchi ambamo maji juu ya ardhi hupotea kwa dakika, amegeuzwa kuwa kisima chake. Majira hayo hayo ndiyo ya uzazi. Hatagi mayai yakaachwa kama yafanyavyo majoka mengi. Huzaa watoto walio hai, na huweza kupata 10 au zaidi kwa uzazi mmoja. Katika aina zilizochunguzwa Arizona mama hukaa na watoto wake siku kadhaa, mpaka wajivue gamba la kwanza, ndipo watawanyike. Kwa hiyo ukimwona mtoto mmoja, usiseme ni mmoja. Wala msisadiki ule uvumi kwamba mtoto ni hatari kuliko mkubwa kwa kuwa hajui kuizuia sumu yake. Mtoto ana sumu tangu siku ya kwanza, ni kweli, lakini mkubwa ana sumu nyingi zaidi, na wingi ndio unaoumiza.

Nakuja kwenye jambo ambalo najua halitawapendeza baadhi ya vijana. Mkiona nyoka mnataka kumuua. Nimeambiwa zaidi ya mara moja kwamba sharia imeruhusu kumuua nyoka hata mtu akiwa ndani ya Sala. Ruhusa hiyo ipo, na wanavyuoni wameieleza. Lakini ruhusa si amri ya kumwandama nyoka aliye mita kumi nawe, uwanjani, akijiendea zake, na hakuna mwanachuoni aliyesema kwamba mtu ajitie katika maangamizi kwa ufagio. Madaktari wa huku wamesema kwa miaka mingi kwamba sehemu kubwa ya wanaogongwa mikononi ni wale waliokwenda wenyewe kumshika, kumchezea au kumpiga. Huweza kurusha kichwa hadi nusu ya urefu wa mwili wake, kwa kasi isiyofuatika kwa jicho. Fimbo ya kawaida, basi, inakuleta mahali hasa pa kugongwa. Hata kichwa kilichokatwa huendelea kuuma na kutia sumu kwa muda, na yamewapata watu hayo. Tena aina kadhaa zinalindwa na sheria ya Arizona, ikiwemo moja ya milimani iliyotangazwa kuwa mtambaazi wa jimbo mwaka 1986. Simama, mtambue alipo, kisha rudi nyuma taratibu mpaka muachane kwa mita mbili au tatu. Hakimbizi mtu. Akiwa uani au ndani ya nyumba, mtu mzima mmoja amwangalie kwa mbali ili asipotee, watoto waingizwe chumbani, na wengine waite msaada. Sehemu nyingi kikosi cha zimamoto huja kumwondoa. Kwingine kuna watu wa kazi hiyo kwa malipo. Ulizeni mtaani kwenu leo, kabla ya haja kutokea.

Na akigongwa mtu? Marekani nzima watu 7,000 hadi 8,000 hugongwa na nyoka wenye sumu kila mwaka, na wanaokufa ni kama watano tu. Tofauti hiyo kubwa haikuletwa na upole wa sumu, bali imeletwa na hospitali. Sumu ya nyoka njuga huivunjavunja nyama ya mwili, huharibu kuganda kwa damu, na huweza kushusha nguvu ya moyo. Dalili ni maumivu makali, uvimbe unaopanda, michubuko, kichefuchefu, na ganzi midomoni. Wakati mwingine saa ya kwanza huonekana nyepesi, kisha hali ikageuka. Piga 911 papo hapo. Mvue mgonjwa pete, bangili, kikuku na saa kabla kiungo hakijavimba. Mkalishe atulie, kiungo kikiwa usawa wa moyo. Kama kuna kalamu, chora mstari pale uvimbe ulipofikia na uandike saa. Asiendeshe gari mwenyewe.

Tuliyoyazoea makwetu tuyaache mlangoni. Usifunge kamba, kwani sumu inayoozesha nyama ikifungiwa mahali pamoja huweza kuuharibu mkono mzima. Usichanje kwa wembe. Usifyonze kwa mdomo. Usiweke barafu. Na lile jiwe jeusi la nyoka, ambalo ndugu wengi kutoka Kongo, Burundi na magharibi ya Tanzania wamelileta katika masanduku yao kwa mapenzi na kumbukumbu ya nyumbani, ni mfupa wa mnyama uliochomwa. Hung'ang'ania jeraha kwa kuwa unakunywa majimaji. Sumu iliyokwisha kuingia ndani haitoi, na majaribio yamethibitisha hivyo. Wengi waliopona nalo waligongwa na nyoka asiye na sumu, au na mwenye sumu ambaye safari hiyo hakuitoa. Liwekeni kama ukumbusho.

Tiba yenyewe ni dawa ya kuipinga sumu, inayotiwa katika mshipa. Zipo mbili zinazotumika sasa: moja hutolewa katika damu ya kondoo, nyingine katika damu ya farasi, baada ya wanyama hao kuzoezwa sumu kidogo kidogo. Nalitaja hili kwa sababu nimeulizwa kama ndani yake mna nguruwe. Hutengenezwa kutokana na kondoo na farasi. Dawa ni hiyo hiyo kwa aina zote za nyoka njuga wa nchi hii, kwa hiyo hakuna haja ya kumkamata nyoka na kumpeleka kwa daktari. Watu wamegongwa mara ya pili kwa kujaribu hivyo.

Kinachonitia hofu zaidi kuliko nyoka mwenyewe ni bili. Chupa moja ya dawa hii huuzwa kwa maelfu ya dola, na mgonjwa huhitaji chupa kadhaa. Najua nyumba ambamo baba husema tungoje kwanza tuone. Msingoje. Sheria ya mwaka 1986 inailazimisha karibu kila hospitali yenye chumba cha dharura kumchunguza na kumtuliza mgonjwa wa dharura bila ya kutazama uwezo wake wa kulipa. Bili itakuja baadaye, hilo siwafichi, lakini hapo ndipo pa kuomba fomu ya msaada wa malipo na kuuliza habari za bima ya serikali, na wengi wamepunguziwa kwa kuomba tu. Ombeni pia mkalimani wa Kiswahili, ni haki yenu bila ya malipo. Mtoto wa darasa la nne asifanywe mkalimani wa daktari.

Kwa ushauri wa saa yoyote, usiku na mchana, iko simu ya kituo cha sumu: 1-800-222-1222. Hailipiwi, na ukitaja lugha yako huunganishwa na mkalimani. Kama mtu anapumua kwa shida, amezimia au uso unavimba, acheni simu hiyo na mpige 911.

Mgonjwa akiruhusiwa kurudi nyumbani atapewa tarehe za kupimwa damu, aghlabu siku mbili au tatu baadaye na tena ndani ya wiki. Aende, hata kama uvimbe umeshuka na amekwisha kuanza kutembea. Damu huweza kuharibika upya baada ya dawa kuisha mwilini, na yeye asihisi lolote. Mpaka daktari aseme vinginevyo, asimeze aspirini wala ibuprofeni, na aahirishe kung'oa jino.